Sikio Linauma, Kichwa Kinachoka
Mhadhara kwa wanafunzi wa ukalimani, Arusha



Juzi, baada ya zoezi la kibandani, mwanafunzi mmoja alinifuata akiwa amelishika sikio lake la kulia. Akaniuliza, "Mwalimu, sikio likiuma ndiyo linakufa?" Nilimjibu kwa haraka kwamba hapana, aende nyumbani akapumzike. Nilipokuwa njiani niliona kwamba sikumtendea haki. Swali lake ni zito, na mimi mwenyewe nimekaa vibandani zaidi ya miaka 20 kabla sijalielewa vizuri. Mhadhara wa leo ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Maumivu mengi yanayoletwa na hedifoni hayaui usikivu. Kelele inayoua usikivu, kwa upande wake, mara nyingi haiumi hata kidogo. Katikati ya mambo hayo mawili umo uchovu, ambao tumezoea kuudharau na kuumalizia kwa kikombe cha kahawa, ilhali ndio unaotusukuma kupandisha sauti. Nataka tuyatenganishe mambo haya matatu leo, kwa sababu mkalimani asiyeyatenganisha huogopa lisilo la kuogopwa na kulala usingizi penye hatari.

Lugha yetu inatusaidia kuanza. Katika Kiswahili mtu husikia sauti, na mtu huyo huyo husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu. Kitenzi kimoja kinabeba vyote vinavyomfika mtu bila yeye kuviita. Kisha kitenzi hicho tumekinyoosha kikawa kusikiliza, yaani kutega sikio kwa makusudi, kufanya kazi. Tofauti ya silabi moja tu, lakini ndani yake umo mhadhara mzima. Hedifoni inaweza kukufanya usikie maumivu, na hilo ni jambo la ngozi, gegedu na mfupa. Inaweza pia kukuchosha kwa kusikiliza, na hilo ni jambo la ubongo.

Tuanze na yanayouma. Hebu kila mmoja ashike sikio lake. Sehemu ya juu mnayoikunja kwa vidole ni gegedu. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Inalishwa na utando mwembamba unaoifunika, na juu ya utando huo ipo ngozi nyembamba yenye neva nyingi. Ukiigandamiza kwa saa nzima, damu inapita kwa shida na neva zinaanza kulalamika. Hii ndiyo sababu hedifoni ndogo zinazokaa juu ya sikio lenyewe huuma mapema kuliko zile kubwa zinazolizunguka sikio na kuegemea fuvu. Wanaovaa miwani wanalijua jambo hili vizuri zaidi. Mkono wa miwani unabanwa kati ya mto wa hedifoni na mfupa ulio nyuma ya sikio, na ifikapo saa tano asubuhi mtu anahisi kama amefungwa kamba kichwani. Dawa yake haina siri: mto mpana na laini, utepe wa kichwani uliolegezwa, miwani yenye mikono myembamba, na kuvua hedifoni kila unapomwachia mwenzako zamu. Maumivu ya namna hii yakiisha dakika chache baada ya kuvua, usiyaogope. Ni sawa na kiatu kinachobana.

Hedifoni za kuchomeka zina habari yake. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, nalo halikunyooka. Limepinda kidogo, na theluthi mbili zake za ndani zimepita kwenye mfupa. Ngozi iliyofunika mfupa huo ni nyembamba mno, wala haina mafuta chini yake ya kuilinda. Kichomeo kikubwa kuliko tundu hubana ngozi hiyo mchana kutwa. Kichomeo kidogo nacho hakikai, hivyo mtu hukisukuma ndani zaidi, na sauti nzito zinapovuja nje anaongeza sauti. Wengi hawajui kwamba masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana ukubwa. Vile vifuniko vya mpira vya ukubwa tofauti vinavyokuja ndani ya boksi, ambavyo tunavitupa pamoja na karatasi za maelezo, viliwekwa kwa ajili hiyo. Unaweza kuhitaji cha kati kulia na kidogo kushoto.

Halafu ipo nta. Ngozi ya tundu la sikio ina tabia ya ajabu: inakua kuanzia kwenye kiwambo kuelekea nje, polepole, ikibeba nta na vumbi kama mkondo wa maji unaobeba majani. Sikio linajisafisha lenyewe. Tukichomeka kitu humo kwa saa 8 kila siku, tunauziba mkondo huo na kuirudisha nta ndani. Siku moja sikio linajaa, sauti inafifia, na mtu anatafuta cha kuchokonolea. Katika nyumba nyingi za kwetu kitu hicho ni njiti ya kiberiti, pini ya nywele, au unyoya wa kuku. Nawaombeni sana, acheni. Unyoya huo nitaurudia baadaye, kwa sababu kuku ana jambo la kutufundisha kuhusu masikio, ila halimo katika unyoya wake.

Kwa ndugu zetu wa Tanga, Mombasa na Unguja naongeza neno juu ya jasho. Tundu lililozibwa katika joto la pwani hubaki na unyevu, ngozi hulainika, na vijidudu hupata pa kuingilia. Ukivuta ndewe ya sikio au kuligusa kwa nje ukaruka kwa maumivu, kuna uwezekano mkubwa kwamba tundu limepata maambukizi. Hapo suala la mto laini limekwisha. Kuna suala la daktari. Vivyo hivyo ukiona usaha, ukipata kizunguzungu, au ukiamka na sikio moja limekuwa ziwi ghafla. Hilo la mwisho usilisubirishe hata siku moja, kwa kuwa dawa ya uziwi wa ghafla ina wakati wake, na wakati huo ni mfupi.

Yapo pia maumivu ya sikio ambayo hayatoki sikioni. Tia ncha ya kidole mbele ya tundu la sikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Unahisi kitu kinatembea? Hicho ni kiungo cha taya, kimepakana na sikio ukuta kwa ukuta. Mkalimani anayemkimbiza msemaji mwenye kasi hukaza meno bila kujua. Akitoka kibandani anasema sikio linauma, analaumu hedifoni, ananunua nyingine, na maumivu yanarudi kwa sababu taya ni lile lile. Neva za hisia zinazolihudumia sikio zinatoka njia kadhaa tofauti: ipo inayohudumia pia taya na meno, ipo inayohudumia koo, na ipo inayoshuka hadi kifuani. Kwa hiyo jino bovu huweza kuuma sikioni, na donda la koo vilevile. Wapo watu wanaokohoa kila wanapochomeka kitu sikioni. Mapafu yao hayana kosa, ni neva ile ya tatu iliyoguswa. Ukiumwa sikio na daktari wa masikio asione kitu, nenda kwa daktari wa meno kabla hujakata tamaa.

Nimekaa kwenye maumivu ya nje kwa muda mrefu kwa kuwa ndiyo mnayoyauliza zaidi. Sasa niingie ndani, mahali pasipouma.

Sauti inapokipiga kiwambo cha sikio, kiwambo hutikisa mifupa mitatu midogo, nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku hugonga mlango wa koklea. Koklea ni mrija uliojiviringa kama konokono, umejaa majimaji. Mtu aliyetuonyesha jinsi mawimbi yanavyosafiri ndani ya mrija huo ni Georg von Békésy, naye hakuanza kama daktari. Alikuwa akifanya kazi katika maabara ya simu ya posta ya Hungaria, jijini Budapest, na alitaka kujua simu inapaswa kuwa nzuri kiasi gani ili imfae msikilizaji. Swali la kifaa cha kusikilizia likamfikisha kwenye sikio lenyewe, na mwaka 1961 akapewa tuzo ya Nobel. Ninawatajia habari hii kwa sababu tangu mwanzo elimu ya sikio na elimu ya kifaa zimelelewa nyumba moja. Ni sisi watumiaji tuliozitenganisha.

Ndani ya kila koklea tunazaliwa na seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Idadi hiyo ni ndogo mno. Uwanja wa mpira wa kawaida unabeba watu zaidi ya hao. Sauti kubwa inavikunja na kuvivunja vinyweleo, na seli iliyokufa kwa binadamu haioti tena. Hapa ndipo kuku anapoingia. Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba ndege, kuku akiwamo, huotesha upya seli hizo zikiharibiwa na kelele. Kuku anaweza kupoteza usikivu na kuurudisha. Sisi tunaochukua unyoya wake na kuutumbukiza masikioni hatuna uwezo huo.

Sasa jambo la kutisha ni kwamba uharibifu huo hauna kilio. Sauti huanza kuuma inapokaribia desibeli 120 au 130, kiwango cha injini ya ndege iliyo karibu. Madhara ya kusikiliza kwa muda mrefu huanza chini sana ya hapo, kwenye desibeli 80 na kitu. Kati ya 85 na 120 lipo eneo pana ambalo mtu anaweza kupoteza usikivu wake huku anafurahia wimbo. Ndiyo maana nilisema kelele inayoua haiumi. Anayesubiri sikio limuume ndipo apunguze sauti anasubiri mgeni ambaye hana safari.

Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu walikubaliana mwaka 2018 juu ya kiwango cha vifaa vya kusikilizia: mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto asizidi 75 kwa saa hizo hizo. Hesabu ya desibeli ina mtego. Kila ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, hivyo muda unakatwa nusu. Kwenye 83 una saa 20 kwa wiki. Kwenye 86 una saa 10. Kwenye 89, saa 5. Ukifika 95 umebakiwa na saa 1 na robo, kwa wiki nzima, na kusogeza kidole mara chache tu kwenye simu kunakufikisha hapo. Kenya ina kanuni za kelele kazini za mwaka 2005, na kikomo chake ni desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku. Fanyeni hesabu wenyewe: siku tano za kikomo hicho ni mara 10 ya kipimo nilichokitaja. Kanuni hizo zilitungwa zikilenga mitambo ya viwandani, na hata huko naona zinafaa kuangaliwa upya.

Daladala na matatu ni mahali ambapo vijana wengi wanajiumiza bila kukusudia. Injini inanguruma, konda anaita abiria, na anayetaka kusikia maneno ya wimbo hupandisha sauti hadi iishinde ngurumo. Anaposhuka kituoni, kimya kinamgutusha: kumbe sauti ilikuwa kubwa hivyo! Hedifoni zinazoziba vizuri, au zile zinazofuta kelele kwa kutengeneza wimbi la kinyume, zinasaidia hapa kwa kuwa zinaondoa sababu ya kupandisha. Wapo wanaohisi kubanwa masikio wanapozitumia, kama walio kwenye ndege inayopanda. Hisia hiyo ipo kweli kwao, nami siwabishii. Watumie zinazoziba za kawaida.

Baada ya kelele, masikio yakivuma usiku halafu asubuhi yakawa shwari, tulizoea kusema yamepona. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston, walichapisha uchunguzi wao juu ya panya waliowekwa kwenye kelele kwa saa 2. Usikivu wa panya ulirudi. Seli zenye vinyweleo zilikuwa hai. Lakini walipochungulia viungio kati ya seli hizo na neva, walikuta katika baadhi ya sehemu karibu nusu vimepotea na havikurudi. Kiumbe wa namna hiyo anafaulu kipimo cha kawaida hospitalini, anasikia mlio mdogo chumbani kwenye utulivu. Katika kelele za watu wengi ndipo anapotarajiwa kushindwa. Kwa binadamu utafiti wa jambo hili bado unaendelea. Hata hivyo mimi namfahamu mkalimani, tena mahiri, ambaye karatasi zake za vipimo ni safi kabisa na ambaye hawezi tena kufuata mazungumzo mezani kwenye harusi.

Na sasa uchovu, ambao ndio moyo wa mhadhara huu. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Walikuwa wakiwasema watoto na wakubwa zao, lakini kwa mkalimani msemo huo ni kweli neno kwa neno. Sikio linapokea, kichwa ndicho kinachomaliza kazi. Sikio likipeleka kidogo, kichwa hulipa kilichopungua, na malipo hayo ndiyo tunayoyaita kuchoka.

Chukueni simu ya kawaida. Kwa miaka mingi simu zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Irabu zetu zinapita vizuri hapo. Lakini mlio wa s, wa f, wa th una nguvu zake nyingi juu ya mpaka huo, na simu inaukata. Mtu akisema "sana" katika laini mbovu, sikio linaweza kupokea "fana". "Saa" inakaribiana na "faa". Hamjagundua kwamba mnaelewa hata hivyo? Mnaelewa kwa sababu ubongo unaangalia sentensi, unakisia, unajaza pengo, na kufanya hivyo mara nyingi kwa dakika bila kuomba ruhusa. Nadhani Kiswahili kinatuhurumia kidogo, kwa kuwa karibu kila silabi inaishia na irabu na irabu ndizo zinazosalimika. Mkalimani wa lugha iliyosheheni konsonanti za mwisho ana mzigo mkubwa zaidi. Ila huruma hiyo haitoshi siku nzima. Wanaopokea simu za wateja kuanzia asubuhi hadi jioni, Nairobi au Dar es Salaam, wanajua ninachosema: mwili umekaa kitini tu, na jioni mtu hataki hata kuulizwa na mtoto wake kama amekula.

Mikutano ya mtandaoni imeliongeza tatizo. Msemaji yuko mbali na kompyuta yake, ukuta unarudisha mwangwi, programu inaibana sauti ipite kwenye intaneti hafifu, kisha inafuta kelele na pamoja nazo inafuta mwisho wa maneno. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya ukalimani wa papo kwa papo vinataka sauti ipite kuanzia hezi 125 hadi 15,000. Linganisheni na ile 3,400 ya simu. Tofauti hiyo yote inabebwa na kichwa cha mkalimani. Na jambo la kwanza analofanya mkalimani aliyepewa sauti mbovu ni kupandisha sauti, akidhani hasikii kwa sababu ni ndogo. Ukubwa hauongezi uwazi. Herufi iliyokatwa na mtambo hairudi hata ukifika mwisho wa kitufe. Kwa hiyo uchovu unazaa kelele, na kelele inazaa uharibifu usiouma. Ndivyo hivi vitu vinavyoshikana mikono.

Watafiti hupima jitihada ya kusikiliza kwa kuangalia mboni ya jicho: sauti ikiwa ngumu kufuata, mboni hupanuka, hata kama msikilizaji anajibu sahihi. Kwa fani yetu yenyewe, Barbara Moser-Mercer na wenzake wa Geneva walichapisha mwaka 1998 uchunguzi juu ya wakalimani walioachwa waendelee na zamu kupita nusu saa ya kawaida. Makosa ya maana yaliongezeka kadiri muda ulivyopita. Lililonishtua zaidi niliposoma ni kwamba wakalimani wenyewe hawakutambua kuwa kazi yao imeshuka. Walidhani bado wako vizuri. Uchovu wa kusikiliza huanza kwa kumnyang'anya mtu uwezo wa kujipima. Basi msiseme "nitaomba kupokewa nikichoka". Ukichoka hutajua. Saa ya ukutani ndiyo itakayojua.

Kizazi kilichotutangulia kililipa gharama kubwa kuliko sisi. Hedifoni za mwanzo zilizofaa kazi zilitengenezwa na Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, jikoni kwake, na mwaka 1910 jeshi la majini la nchi hiyo likaanza kuzinunua. Mwaka 1945, kule Nuremberg, wakalimani walikaa na hedifoni nzito vichwani, lugha nne, zamu za dakika 85. Walikuwa na taa mbili: ya njano ya kumwambia msemaji apunguze kasi, na nyekundu ya kumsimamisha. Niwaambie ukweli, taa ile ya njano naitamani. Leo tuna vifaa vyepesi kuliko ndoto zao, lakini mkalimani anayeshindwa kusikia anaogopa kuinua mkono.

Mji huu unaijua hedifoni kuliko miji mingi ya Afrika. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kumaliza kazi mwaka 2015, ilifanya kazi yake hapa Arusha kwa masikio ya wakalimani. Walichokisikia kwenye hedifoni zile hakina kipimo cha desibeli. Mashahidi walisimulia vifo vya watoto wao, na mkalimani alilazimika kuyasema kwa nafsi ya kwanza: "mimi niliona". Uchovu wa namna hiyo unapita kwenye waya ule ule, na hakuna mto laini unaouzuia. Siwezi kuuzungumza kwa dakika mbili. Nautaja tu ili msije mkadhani kila kinachochosha ni mtambo.

Nami nina deni la kusimulia la kwangu. Katika mkutano mmoja miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nimevaa hedifoni sikio la kushoto tu, la kulia nimeliacha wazi nijisikie ninavyosema. Wengi wetu hufanya hivyo. Fundi akawasha maikrofoni mbili zilizokaribiana, na mlio mkali ukapita kama msumari. Ulidumu chini ya sekunde moja. Nilivua hedifoni, nikavaa tena, nikamaliza zamu. Jioni sikio likajaa kama lina maji, kisha likaanza kupapatika ndani kama kipepeo aliyenaswa. Meza ilipogongwa niliruka. Hospitalini walinipima, wakaniambia usikivu wangu ni mzuri, sina ugonjwa. Nilirudi nyumbani nikijiona mwongo. Ilipita miezi kabla sijakutana na mtaalamu aliyelitambua: ni mshtuko wa sauti. Upo msuli mdogo unaokaza kiwambo, umeshikana na nyundo, na neva yake ni ile inayoendesha misuli ya kutafunia. Ukishtuliwa, msuli huo unaweza kuendelea kukaza na kulegea kwa wiki nyingi hata kwa sauti ndogo. Kipimo cha kawaida hakiuoni. Wakalimani wa Bunge la Kanada walipata madhara kama hayo mikutano ilipohamia mtandaoni wakati wa UVIKO-19, na mwaka 2022 mmoja wao aliondolewa kazini kwa gari la wagonjwa. Niliposoma habari ile nililia, kwa sababu nilijua sikuwa nimebuni.

Sasa niseme juu ya kuacha sikio moja wazi. Tabia hiyo ina sababu nzuri, maana masikio yote mawili yakizibwa sauti yako inavuma kichwani kama umeingia pipani. Lakini masikio mawili yakisikiliza pamoja, ubongo huijumlisha sauti na kuiona kubwa zaidi. Ukiacha moja wazi unapoteza jumla hiyo, na tena sauti yako mwenyewe inaifunika ya msemaji, kwa hiyo unapandisha. Sikio lililobaki linabeba mzigo wa mawili. Mkishindwa kuacha tabia hii, kama nilivyoshindwa mimi, badilisheni upande kila zamu, na funikeni sikio la pili nusu badala ya kuliacha wazi kabisa. Anzeni na sauti ndogo kabla msemaji hajafungua mdomo, mpandishe kidogo kidogo. Muulizeni fundi, kabla ya mkutano, kama mtambo wake una kizuizi cha milio ya ghafla. Asipojua mnaongelea nini, mmepata jibu lenu.

Tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha rasmi ya kazi ya Umoja wa Afrika. Vibanda vya Kiswahili vitaongezeka, na ninyi mliokaa hapa ndio mtakaovijaza. Wenye mikutano watawapigia simu na kuwaambia bajeti ni ndogo, aje mmoja tu, siku nzima, kwa mtandao, atumie hedifoni za simu yake. Kijana mwenye shida ya kodi atakubali. Nawaelewa, nami nilikubali mara nyingi. Nawaomba mkatae. Semeni wawili kwa kila kibanda, zamu ya dakika 30, na msemaji mwenye maikrofoni mbele ya mdomo wake. Sauti ikiwa haifai, semeni hadharani kupitia maikrofoni yenu, kwa adabu, kwamba mkalimani hasikii na tafsiri inasimama. Mkutano utangoja. Mimi sikusema, nikamaliza zamu, na sikio langu la kushoto linavuma hata sasa ninapozungumza nanyi.

Yule mwanafunzi aliyeniuliza swali yupo hapa leo. Mwanangu, sikio lako lilibanwa na miwani. Nimeshaona hedifoni yako. Kibanda kitafunguliwa saa nane mchana. Njooni wote na hedifoni zenu, tukae mmoja mmoja, tuone zinavyokaa na mnazifungulia sauti kiasi gani.